Janti pana na matairi ya 285 kwenye Prado 120: kwa njia za Goma, ubavu wa tairi kwanza

Msomaji wa Himbi, Goma, anauliza: "Jambo mzee. Niko na Prado 120 ya 2006 ya mazuti (dizeli), bado iko na janti na matairi ya kiwandani, 265/65R17. Kila mwezi napanda Masisi mara mbili na Rutshuru mara moja, siku zingine natembea tu mjini. Nimeonyeshwa janti nne za 17x9 zilizoandikwa ET -12, pamoja na matairi 285/70R17 yaliyotumika kidogo. Muuzaji anasema vinaingia bila kukata kitu. Fundi wangu anasema vitaua gari. Nimsikie nani?"

Ndugu, msikie fundi wako, ila kosa limo zaidi kwenye janti (rimu) kuliko kwenye matairi. Tairi la 285/70R17 linaweza kukaa kwenye Prado 120 ukikubali kazi ya kukata na kuchomelea. Janti ya 17x9 ET -12 (inchi 17 kwa kipenyo, 9 kwa upana; ET nitaieleza chini) ndiyo itakayokula beringi, usukani na madigadi, hata ukiivika tairi dogo. Na kwa safari ulizozitaja, 285 huihitaji. Bakiza janti zako za kiwandani, nunua matairi matano mapya, si manne, ya LT265/70R17 yenye ubavu wa tabaka tatu, na pesa itakayobaki iweke kwenye amortisa (shokapu) na kupima mwelekeo wa magurudumu. Sasa nikueleze kwa nini, maana ukielewa hesabu yake hakuna muuzaji atakayekuyumbisha tena.

Tuanze na kinachoua matairi hapa kwetu. Mahali pengine watu huongeza tairi kwa sababu ya mchanga au magogo. Sisi tuna lava. Jiwe ambalo volkano ya Nyiragongo iliacha katikati ya mji mwaka 2002, na lile la tarehe 22 Mei 2021 lililokata barabara ya Rutshuru, halikulainishwa na maji kama jiwe la mtoni. Lina matundu kama sponji, na kila tundu likivunjika linaacha ukingo kama wa chupa. Likiwa chini ya meno ya tairi halifanyi mengi, kwa sababu pale kuna mpira mnene na mikanda ya waya. Likikwaruza ubavu linakuta mpira wa milimita chache na nyuzi za kitambaa. Ukiinama kutazama tairi lililoharibika hivyo utaona mkato mfupi, mara nyingi haufiki urefu wa kidole gumba, na ndani yake nyuzi nyeupe zimesimama kama za kamba iliyokatika. Tairi hilo limekwisha. Tundu la msumari kwenye meno, hadi kama milimita 6, kwado (fundi wa matairi) mzuri analiziba kwa kiraka cha ndani na linadumu. Ubavu hauzibwi. Ukishonwa na kutiwa tyubu utapasuka siku utakapobeba mzigo na tairi likapata joto. Mpe mtengeneza chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo; mpira wa tairi hilo bado una kazi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ukubwa, soma ubavu. Kwenye matairi mengi, karibu na ukingo wa janti, kuna maandishi madogo sana yanayotaja tabaka za meno na tabaka za ubavu kwa kutengana. Tafuta mstari wenye neno SIDEWALL, kisha tazama namba inayofuata: 1, 2 au 3. Tairi la kiwandani la Prado kwa kawaida ni la gari la abiria, lenye tabaka moja au mbili. Unatafuta 3. Hapo usichanganyikiwe na "10PR" au "10 ply" inayoandikwa kwa herufi kubwa. PR inaeleza uwezo wa tairi kubeba upepo na mzigo, haihesabu tabaka halisi. Kuna tairi la 10PR lenye ubavu wa tabaka mbili, na lipo la 6PR lenye tatu. Kwa Prado inayobeba watu watano na mizigo ya kawaida, 6PR yenye tabaka tatu ni laini zaidi mwilini na inatosha. Ukibeba mzigo kila safari, chukua 10PR.

Herufi LT mbele ya namba maana yake tairi limetengenezwa kwa magari ya kazi. Namba ya mzigo isishuke chini ya ile ya kiwandani: 112 ni kilo 1120 kwa tairi moja, 121 ni kilo 1450. Herufi ya mwendo kwa barabara zetu haina tatizo, hata Q inaruhusu kilomita 160 kwa saa.

Hayo matairi "yaliyotumika kidogo" unayouziwa, tafuta herufi DOT na namba nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine namba hizo ziko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo mwambie muuzaji aligeuze. Meno yanaweza kuwa marefu na mpira ukawa umezeeka. Kunja ubavu kwa mikono miwili kwenye mwanga. Ukiona mipasuko midogo kama ya udongo uliokauka, acha. Lililopita miaka sita toka litengenezwe, mimi silishauri kwa njia ya Masisi, hata likionekana jipya.

Sasa ukubwa. Kipimo cha tairi unaweza kukihesabu mwenyewe kwa simu: upana mara asilimia ya ubavu, mara mbili, jumlisha kipenyo cha janti (inchi moja ni milimita 25.4). 265/65R17 inatoa milimita 776. 265/70R17 inatoa 803. 285/70R17 inatoa 831. Gari linapanda kwa nusu tu ya tofauti, kwa hiyo 265/70 inakuinua milimita 13 na 285/70 inakuinua 27. Tofauti kati ya hayo mawili ni milimita 14, unene wa kidole. Ndicho unachonunua kwa shida yote ya kukata madigadi.

Na kila kitu kinacholipwa kinalipwa kwa asilimia. 265/70 ni kubwa kwa 3.4%, 285/70 kwa 7%. Mita ikionyesha 80, kwa 265/70 unakwenda karibu 83, kwa 285/70 unakwenda karibu 86. Mita nyingi za kiwandani huonyesha juu kidogo ya mwendo halisi, kwa hiyo ile 3.4% mara nyingi inakuleta karibu na ukweli. Pima kwa GPS ya simu kwenye lami ya Sake. Ile 7% inakupeleka upande mbaya. Inadanganya pia hesabu ya kilomita: ukisoma 5000 umetembea 5350, na oili ya injini imechelewa. Ukitaka kujua mazuti unayokula, zidisha kilomita za mita kwa 1.07 kwanza, la sivyo utadhani gari linakunywa kupita kiasi kuliko hali halisi.

Gia nazo zinarefuka kwa asilimia ileile. Wengi hufikiria nguvu ya kupanda tu. Mimi ninaogopa zaidi kushuka. Ukishuka kutoka Mushaki kurudi Sake ukiwa na mzigo, au kwenye miteremko ya upande wa Minova na Nyabibwe ukielekea Bukavu, injini ndiyo inayokushika. Tairi likiwa kubwa kwa 7%, injini inashika kwa 7% pungufu, na breki kwa kukanyaga kulekule zinashika kwa 7% pungufu pia. Juu ya hapo kila gurudumu limeongezeka kilo 8 au zaidi za kuzungusha na kusimamisha. Kama Prado yako ni ya injini ya 5L-E isiyo na turbo, jambo hili limekwisha hapo: kwenye mwinuko wetu wa karibu mita 1500 na kwenda juu, injini isiyo na turbo tayari imepoteza sehemu ya nguvu zake. Yenye turbo inavumilia 265/70 bila kulalamika.

Turudi kwenye janti, maana hapa ndipo watu wanapoibiwa. Janti yako ya kiwandani ni 17x7.5 ET30, nati sita, mduara wa 139.7, tundu la katikati milimita 106. ET ni umbali, kwa milimita, kati ya uso wa janti unaokaa kwenye kitovu na mstari wa katikati ya upana wake. ET ikishuka, gurudumu linatoka nje. Janti unayouziwa, 17x9 ET -12, inasogeza katikati ya gurudumu milimita 42 nje. Ukingo wake wa nje unatoka milimita 61 kupita wa sasa, zaidi ya upana wa vidole vitatu. Hebu fikiria mzigo wa gari: kiwandani unapita karibu na katikati ya beringi. Sasa unaning'inia milimita 42 pembeni, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji huku mkono ameunyosha. Beringi zinachakaa mapema, rotuli (ball joint) zinapigwa, na kila jiwe linapogonga gurudumu la mbele usukani unakuvuta mkononi. Tope na vijiwe vinarushwa moja kwa moja kwenye milango na vioo vya pembeni. Na kwa sababu gurudumu limetoka nje, linapokunja linachora duara kubwa zaidi, likigonga sehemu ya nyuma ya madigadi na kwenye mguu wa bodi, ile pembe ya chuma inayoshika bodi kwenye chasisi, ambapo lile la kiwandani lisingefika. (Wenye Prado 90 wawe waangalifu zaidi: rotuli yao ya chini imewekwa kwa namna ambayo mzigo unaivuta itoke, na ikitoka gurudumu linalala chini ya gari. Usiwawekee hawa ET hasi kabisa.)

Upana wa inchi 9 una tatizo lake la lava pia. Tairi la 265 juu ya janti ya 9 linanyooka, ubavu unasimama wima, na ukingo wa janti unabaki wazi. Jiwe halikuti mpira tena, linakuta alumini. 265/70R17 inakaa vizuri kwenye janti ya inchi 7 hadi 8.5, na yako ya 7.5 iko hapo ndani: ubavu unatuna kidogo kupita janti na kuikinga.

Ukija kupata janti nyingine, pima mambo haya kabla ya kutoa hata dola moja. Mduara wa 139.7 na nati sita wanao wengi, na hapo ndipo mtego ulipo. Janti ya Pajero ina mduara uleule lakini tundu la katikati ni milimita 67, haitaingia kwenye kitovu cha Prado chenye 106. Ya Patrol ina tundu la 110, itaingia, ila itabaki inaelea milimita 2 kila upande na kushikwa na nati peke yake. Ukifunga vibaya inatetemeka, kwa hiyo itafutie pete ya kujaza ya 110 kwa 106. Ya Hilux ya miaka ileile inakaa sawasawa. Ya Land Cruiser 80 inaingia lakini ET yake ni 0, imetoka milimita 30 kuliko yako. Land Cruiser 100, na 78 na 79 za karibuni, zina nati tano, usihangaike nazo.

Geuza janti utazame ndani. Utafute alama JWL (ya viwango vya Japani vya janti) na uzito unaoruhusiwa. Kwa Prado iliyojaa usikubali chini ya kilo 1000 kwa janti moja. Isiyo na maandishi yoyote ndani ni janti isiyojulikana, iache kwenye duka. Pitisha ukucha kwenye shingo za mikono yake na kuzunguka matundu ya nati: palipochomelewa alumini utahisi kovu chini ya rangi. Janti ya alumini iliyochomelewa sipandi nayo Mushaki. Ile ya chuma ikipinda inagongwa na kurudi, na kwa anayeishi kwenye lava chuma cha inchi 16x7 ni chaguo la heshima, pamoja na 265/75R16 yenye milimita 804, karibu sawa na 265/70R17. Unapata ubavu mrefu zaidi, na matairi ya inchi 16 yanapatikana hapa kirahisi kuliko 17. Ila pitisha janti tupu kwanza kwenye kitovu, kaza nati mbili, izungushe kwa mkono: kati yake na kalipa ya breki pawe na angalau milimita 4 pande zote. Zipo za 16 zenye mgongo mnene zinazogusa.

Nati nazo si moja kwa janti zote. Tazama tundu: kama limechongwa kama faneli, linataka nati ya koni ya digrii 60. Kama ni bapa lenye shimo la silinda, linataka nati yenye shingo na wosha bapa. Koni kwenye tundu bapa inagusa kwa mstari mwembamba kama uzi, inakata alumini na kulegea. Stadi za Prado ni M12x1.5. Ukifunga nati kwa vidole, ihesabu: izunguke kamili mara 8 au zaidi kabla ya kugusa janti. Chini ya hapo janti ni nene mno kwa stadi zako. Vipande vya kuongeza upana vinavyochongwa kwa mashine ya mtaani na kuchomekwa tu katikati, bila stadi zake, usivikubali kwa bei yoyote.

Sasa kupima kama tairi linaingia. Kuliona gari limesimama tambarare na usukani ukizunguka vizuri hakuthibitishi kitu. Tairi linagusa pale sasipensheni inapojikunja hadi mwisho huku usukani umekunjwa, na hali hiyo huipati kwenye kiwanja cha muuzaji. Springi ndefu nazo hazikuokoi: zinainua gari likiwa limesimama, lakini gurudumu likigonga shimo linapanda hadi palepale lilipokuwa linafika zamani. Fanya hivi. Chukua udongo laini wa mfinyanzi, ubandike donge la unene wa milimita 20 sehemu tatu: kwenye sehemu ya nyuma ya plastiki ya ndani ya madigadi, upande unaotazama tairi, kwenye mguu wa bodi ulio nyuma ya gurudumu la mbele, na kwenye mkono wa juu wa sasipensheni. Paka mabega ya tairi chokaa au majivu yaliyolowa. Pandisha gurudumu moja la mbele juu ya jiwe pana au ngazi ya saruji mpaka upande huo ujikunje kabisa, kunja usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, kisha rudi nyuma taratibu ukiwa umekunja. Kurudi nyuma ni muhimu kwa sababu gurudumu linasukumwa kwenda kwenye mguu wa bodi. Fanya upande wa pili. Kisha soma udongo: donge lililobaki na milimita 10 au zaidi liko salama, lililosagwa chini ya hapo litagusa siku gari likijaa. Alama ya majivu inakuonyesha mahali kamili.

Kwa LT265/70R17 kwenye janti zako, mara nyingi utakachokuta ni kipande cha mpira wa kuzuia tope nyuma ya gurudumu la mbele kinachoguswa. Kikate au kirudishe nyuma kwa skrubu. Basi.

Ukiamua 285 pamoja na hayo yote, basi ifanye vizuri. Janti ya kiwandani haifai, maana tairi linasogea milimita 10 ndani na kuukaribia mkono wa juu. Tafuta 17x8 ET +15: upande wa ndani unapata nafasi ya milimita 5 zaidi ya sasa, na nje unatoka milimita 25, kiasi ambacho gari linavumilia. Weka springi na amortisa za kuinua milimita 50. Plastiki ya madigadi ipashwe joto na kusukumwa nyuma. Mguu wa bodi ukatwe pembe yake ya mbele, na hapa nakuomba usimwachie fundi akate aondoke. Pembe iliyokatwa lazima ifungwe upya kwa bamba la chuma la milimita 3 hadi 4 lililochomelewa pande zote, kisha ipakwe rangi ya kuzuia kutu. Ukiliacha wazi, tope linaingia ndani, kutu inakula, na siku moja bodi inakaa upande. Toa nyaya za betri kabla ya kuchomelea, gari hili lina kompyuta.

Iwe 265 au 285, ukibadilisha springi nenda kapime mwelekeo wa magurudumu. Mwombe fundi asukume magurudumu ya mbele yaende mbele kadiri bolti za kurekebisha za mkono wa chini zinavyoruhusu, huku pande mbili zikilingana. Hilo linakupa milimita kadhaa za nafasi kutoka mguu wa bodi na usukani unarudi wenyewe vizuri. Bolti hizo kwetu zinashikwa na kutu. Zimwagie mafuta ya kulegeza siku mbili kabla, la sivyo fundi atakuambia "haziendi" na kurekebisha upande mmoja tu.

Kufunga nati ndiko kunakofanywa vibaya kuliko yote. Prado 120 inataka karibu N·m 112. Kama huna spana ya kupima, chukua spana yenye mkono wa sentimita 45 na usukume mwishoni kwa nguvu ya kilo 25, yaani uzito wa nusu ya mfuko wa saruji. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya bomba la mita moja anatia karibu N·m 690, mara sita ya inayotakiwa. Stadi inavutika, haikatiki siku hiyo, inakatika Karuba usiku. Safisha uso wa kitovu kwa brashi ya waya mpaka kutu itoke, usipake grisi kwenye stadi, funga kwa mkabala: ya juu, kisha iliyo kinyume chake, ukiendelea hivyo kwa awamu mbili. Rudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100. Janti mpya hukaa, na nati hulegea kidogo, hata zikifungwa vizuri.

Upepo. Tairi la LT linahitaji zaidi ya lile la abiria kubeba mzigo uleule, kwa hiyo karatasi ya mlangoni haitoshi tena. Kwa lami anza na bar 2.4 mbele na 2.6 nyuma ukiwa na mzigo, "kilo" kama kwado anavyosema. Chora mstari wa chaki kukatisha meno, tembea mita 50 kwa mstari ulionyooka: ukifutika katikati tu, punguza 0.1; ukifutika pembeni tu, ongeza. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, pima tena baada ya saa moja ya safari: likiongezeka zaidi ya 0.3 au 0.4, ulianza na upepo mdogo. Kwenye lava usishuke sana. Upepo mdogo unafanya ubavu utune nje, palepale jiwe linapotaka. Bar 1.9 au 2.0, na mwendo usizidi 40. Kwenye tope la Masisi unaweza kushuka hadi 1.5 ili meno yajisafishe na kushika, lakini kabla ya kurudi kwenye mawe ujaze tena, kwa hiyo kompresa ndogo ya betri iwe ndani ya gari. Na ukirudi, osha upande wa ndani wa janti. Tope lililokauka humo linatetemesha usukani kwenye 80, na watu hutoa pesa ya kubalansi bure.

Nilisema matairi matano. Prado 120 inaendesha magurudumu yote manne wakati wote, na katikati kuna difu inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Ukifunga tairi la akiba la 776 pamoja na matatu ya 803, difu hiyo inafanya kazi kila mita ya safari, inapata joto na kuchakaa. Tairi la akiba la zamani likufikishe tu kwa kwado wa karibu, taratibu, difu ya katikati ikiwa haijafungwa. Hilo jipya likikaa mlangoni nyuma litakuwa zito kwa kilo tano hivi. Tikisa mlango ukiwa wazi, ukisikia bawaba zinacheza zikaze kabla hujalipandisha, na hakikisha haligusi bampa mlango ukifungwa. Kila kilomita 8000 zungusha yote matano: la akiba liende nyuma kulia, nyuma kulia liende mbele kulia, mbele kulia liende nyuma kushoto, nyuma kushoto liende mbele kushoto, mbele kushoto liende mlangoni. Matairi yenye mshale wa mwelekeo hayawezi kuvuka upande hivyo, kwa hiyo unaponunua chagua yasiyo na mshale.